Mzee Atunzwe Wapi? Jinsi ya Kuyapima Makao ya Utunzaji na Utengamao

Uzee hauna dawa. Hata hivyo, mengi yanayohesabiwa kuwa ni uzee ni maradhi, au ni matokeo ya maradhi ambayo hayakufuatiwa na utunzaji unaofaa. Mtu aliyepatwa na kiharusi, aliyevunjika nyonga, au aliyelazwa kwa muda mrefu, huweza kutoka hospitalini akiwa hai lakini amepungukiwa na uwezo wa kufanya mambo ambayo hapo awali hakuyafikiria kabisa: kuinuka kitandani, kufunga kanga, kushika kijiko. Kazi ya kumrudishia uwezo huo, kwa kadiri inavyowezekana, huitwa utengamao. Swali linalozikabili familia nyingi leo ni hili: mzee wa namna hiyo atunzwe wapi, na makao mema yatatambuliwaje na yale yasiyofaa?

Uchukuliwe mfano wa familia moja ya Tengeru, ambayo mfano wake hupatikana katika kila kata ya mitelemko ya Mlima Meru. Mama ni mjane wa miaka 74. Ana kihamba cha migomba na kahawa, na kila Jumatano na Jumamosi huonekana sokoni Tengeru akiuza ndizi. Asubuhi moja mkono na mguu wa kulia vinalegea na maneno yanamponyoka. Baada ya wiki chache za hospitali anaruhusiwa kutoka, akiwa na vidonge vya shinikizo la damu na maagizo ya kufanya mazoezi. Mtoto wa kwanza anafanya kazi Dar es Salaam, wa pili yuko ng'ambo, na kitinda mimba ni mwalimu mjini Arusha ambaye hurudi nyumbani jioni. Ndugu wanakaa kikao. Mmoja anasema mama arudi kwake. Wa pili anasema atafutiwe makao yenye wauguzi. Wa tatu anasema kumkabidhi mama kwa watu wa mshahara ni kumtupa. Wote watatu wanampenda mama yao, lakini hakuna hata mmoja mwenye kipimo. Madhumuni ya makala haya ni kueleza kipimo hicho.

Hali ya makao ya wazee nchini

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na zaidi. Katika sensa ya mwaka 2012 watu wa umri huo walikuwa takriban milioni 2.5, yaani asilimia 5.6 ya wananchi wote. Sera hiyo inaiweka familia kuwa mtunzaji wa kwanza, na makao ya pamoja kuwa hatua ya mwisho. Ndiyo sababu makao ya Serikali, kama vile Njoro mjini Moshi, Magugu huko Babati, Fungafunga mjini Morogoro, Kolandoto huko Shinyanga na Nunge huko Kigamboni, yaliwekwa kwa ajili ya wazee wasio na ndugu wala uwezo. Kwa upande wa Zanzibar, Sebleni na Welezo zimefanya kazi hiyo hiyo. Mzee mwenye watoto watatu wanaopata mshahara hakukusudiwa kuchukua kitanda cha asiye na mtu.

Familia yenye uwezo hubakiwa na njia chache: makao ya watu binafsi au ya mashirika ya dini, ambayo bado si mengi, huduma za utengamao zinazotolewa na hospitali, au mhudumu wa kuajiriwa nyumbani. Kanda ya kaskazini ina bahati kidogo katika jambo hili. Hospitali ya KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ina idara na mafunzo ya fiziotherapia, na tangu mwaka 1981 pana chuo cha kuwafundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kusaidia mwili. Kwa hiyo maarifa yako karibu. Lililo gumu ni kuyafikisha kitandani kwa mama.

Tengeru yenyewe si ngeni kwa habari za makao. Kuanzia mwaka 1942 wakimbizi wa Kipoland wapatao 5,000, waliofukuzwa makwao wakati wa Vita Kuu ya Pili na kupitia Urusi na Uajemi, waliwekwa hapa katika kambi yenye shule, kanisa na hospitali. Kambi ilipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 wengi walihamia nchi nyingine. Wachache waliobaki walizeekea papa hapa, na wa mwisho wao alifariki mwaka 2015. Makaburi yao yangali yakitunzwa. Huwakumbusha wapitao kwamba uzee humkuta mtu popote alipo, awe na ukoo karibu au asiwe nao.

Kwa nini kitanda ni hatari

Watu wengi hudhani kwamba mgonjwa mzee anahitaji zaidi ya yote kupumzika. Elimu ya mwili inaonyesha vingine. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007, wazee wenye afya njema walikubali kulala kitandani kwa siku 10 tu. Mwisho wa siku hizo walikuwa wamepoteza, kwa wastani, karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Ikiwa mzee mzima hupoteza kiasi hicho kwa siku 10, aliyekwisha kupooza upande mmoja na kulazwa miezi mitatu atabakiwa na nini? Kitanda huleta pia vidonda vya mgandamizo, kuganda kwa damu miguuni, na homa ya mapafu.

Kwa upande mwingine, ubongo uliojeruhiwa na kiharusi una uwezo wa kujifunza upya. Sehemu zilizosalimika huchukua baadhi ya kazi za sehemu zilizokufa, mradi tu kazi hizo zirudiwe mara nyingi. Kiasi kikubwa cha nafuu hupatikana katika miezi mitatu hadi sita ya mwanzo, ingawa maendeleo madogo huweza kuendelea baadaye. Hii ndiyo sababu uamuzi wa kikao cha familia hauwezi kungoja sikukuu za mwisho wa mwaka, watoto wote watakapokuwa wamefika.

Ukubwa wa tatizo katika maeneo haya unajulikana vizuri kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu Wilaya ya Hai, jirani ya Meru kwa upande wa mashariki, imefanyiwa uchunguzi kwa miaka mingi. Uchunguzi wa kiharusi wa kati ya mwaka 2003 na 2006 ulionyesha kwamba, baada ya kusawazisha umri, watu wapatao 109 kati ya kila 100,000 wa Hai hupatwa na kiharusi kwa mwaka, na jijini Dar es Salaam idadi hiyo ilikaribia mara tatu. Uchunguzi mwingine wa huko Hai, kwa watu wa miaka 70 na zaidi, uliona kwamba karibu 7 kati ya 10 wana shinikizo la juu la damu na wengi wao hawakuwa wakijua. Zaidi ya asilimia 6 ya watu wa umri huo walikuwa na ugonjwa wa akili kusahau, ambao mara nyingi huitwa uzee tu na kuachwa hivyo.

Mambo sita ya kuchunguza

Familia inapokwenda kuyatazama makao yoyote, macho huvutwa na rangi ya kuta, maua ya bustanini na mapazia. Hayo si mabaya, lakini hayamwinui mgonjwa. Yafaa yachunguzwe mambo sita yafuatayo.

La kwanza ni kipimo. Mwaka 1965 wataalamu wawili wa Marekani, Mahoney na Barthel, walitoa orodha ya kazi 10 za kila siku: kula, kuoga, kujisafisha uso na meno, kuvaa, kuzuia haja kubwa, kuzuia haja ndogo, kutumia choo, kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kutembea, na kupanda ngazi. Kila kazi hupewa alama kwa kadiri mgonjwa anavyoiweza mwenyewe, na jumla yake ni 100. Kipimo hiki hakihitaji mashine wala umeme. Familia na iulize: mgonjwa akiingia hapa, hupimwa alama zake? Hupimwa tena baada ya muda gani? Makao yanayoweza kuonyesha kwamba mgonjwa aliingia na alama 35 na baada ya wiki 12 akatoka na 60, yanajua kazi yao. Makao yanayojibu kwamba "wazee wetu wote wanaendelea vizuri" hayajapima kitu.

La pili ni mikono. Utengamao ni kazi ya mikono ya watu. Iulizwe ni wahudumu wangapi wapo mchana, na hasa usiku. Ni nani muuguzi mwenye cheti. Mtaalamu wa fiziotherapia huja mara ngapi kwa wiki, na akiondoka ni nani anayeendeleza mazoezi aliyoyaagiza. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hupaswa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, saa nane za usiku zikiwemo. Hesabu ni rahisi: mhudumu mmoja wa usiku mwenye wagonjwa 20 hawezi kuitimiza. Mgeni na aombe kuona visigino na viuno vya mzee wake kila atembeleapo, kwa kuwa kidonda hakidanganyi. Aulize pia ni nani apimaye shinikizo la damu na ni wapi linapoandikwa, maana kiharusi cha kwanza hufungua njia ya cha pili.

La tatu ni chakula na namna ya kukila. Baada ya kiharusi wengi hupata shida ya kumeza, na chakula huweza kuingia katika njia ya hewa na kuleta homa ya mapafu. Mgonjwa hujaribiwa kwanza kwa maji kidogo kidogo akiwa ameketi wima, na chakula huchaguliwa kulingana na uwezo wake. Vyakula vya nyumbani vinafaa sana hapa. Mtori uliopondwa vizuri ni laini na mzito, na humezwa kwa usalama kuliko supu nyepesi au wali mkavu. Tena yatazamwe haya: je, mgonjwa anayeweza kushika kijiko kwa mkono wa kushoto anaachwa ajilishe, hata kama itachukua nusu saa na nguo kuchafuka? Au mhudumu humlisha upesi ili sahani zioshwe? Kila mara mhudumu afanyapo jambo ambalo mgonjwa angaliliweza, anamnyang'anya zoezi moja.

La nne ni maji, na jambo hili ni la pekee kwa watu wa Meru. Miamba ya volkano ya mlima huu ina madini ya floridi, na vijito na visima vingi vya Arumeru vina kiasi kinachozidi miligramu 1.5 kwa lita, kipimo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya kahawia ya vijana wa sehemu hizi yanajulikana na kila mtu. Lisilojulikana sana ni kwamba floridi nyingi, ikinywewa kwa miaka, hujikusanya mifupani na kuukaza uti wa mgongo na viungo. Mzee ambaye figo zake zimechoka huitoa kwa shida zaidi. Mgonjwa wa kiharusi mwenye viungo vilivyokazwa na floridi ana kazi mara mbili ya kutembea. Kuyachemsha maji huua vijidudu, lakini floridi haiondoki; kadiri maji yanavyopungua sufuriani ndivyo inavyozidi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeonyesha kwa miaka mingi jinsi mkaa wa mifupa unavyoweza kuinasa. Kwa hiyo swali lisiwe tu kama makao yana maji ya bomba, bali maji hayo yanatoka chanzo gani na yamepimwa lini. Vilevile magadi ya kupikia yaepukwe, kwa kuwa nayo huwa na floridi.

La tano ni njia na choo. Masika ya Tengeru hugeuza udongo kuwa utelezi, na sakafu ya saruji iliyong'arishwa ikilowa huwa mbaya kuliko udongo. Zitazamwe reli za kushikia ukutani, urefu wa kitanda, vizingiti vya milango, taa ya usiku, na umbali wa choo. Choo cha kuchuchumaa hakifai kwa aliyepooza mguu, ila kwa kuwekewa kiti imara juu yake. Lipo jaribio jepesi la kujua hatari ya kuanguka: mzee huinuka kitini, hutembea mita tatu, hugeuka, hurudi na kuketi. Akitumia sekunde 12 au zaidi, ahesabiwe kuwa yumo hatarini. Familia na iulize kama makao hufanya jaribio hili, na kama wenye hatari hupewa mkongojo na mtu wa kuandamana naye, au hufungiwa chumbani.

La sita ni heshima na uamuzi. Mwaka 1976 wanasaikolojia Ellen Langer na Judith Rodin waliandika habari za jaribio walilolifanya katika makao ya wazee ya Connecticut, Marekani. Kundi moja la wazee liliambiwa kwamba mambo ya vyumba vyao yako mikononi mwao, na kila mmoja akapewa mche autunze mwenyewe. Kundi la pili liliambiwa kwamba watumishi watawafanyia kila kitu, na miche yao ilimwagiliwa na wauguzi. Baada ya wiki tatu kundi la kwanza lilikuwa changamfu na lenye kushiriki zaidi. Ripoti iliyofuata mwaka 1977 ilisema kwamba vifo navyo vilikuwa vichache katika kundi hilo. Lakini watu walikuwa wachache, na waandishi wenyewe baadaye waliisahihisha hesabu hiyo, ikaonekana kwamba uhakika wa sehemu ya vifo ulikuwa mdogo kuliko walivyodhani. Hata hivyo jambo la msingi linakubalika: mtu asiyeulizwa chochote huacha kujitahidi.

Katika nchi yetu kipo kipimo cha heshima kisichogharimu senti. Mgeni na asimame mlangoni asikilize jinsi mhudumu anavyomwamkia mzee. Je, anatoa shikamoo? Na akishaitoa, je, anangoja marahaba? Mgonjwa ambaye ulimi wake ni mzito huhitaji muda mrefu kulitoa neno hilo moja. Mhudumu anayengoja anafanya kazi mbili kwa pamoja, ya adabu na ya tiba. Anayepita bila kungoja ameziacha zote mbili.

Zaidi ya hayo, wahusika wathibitishe kwa ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri kama makao yanatambuliwa. Mapatano yaandikwe, yataje nani hulipia dawa, nepi na gari la kwenda hospitali usiku. Makao yatembelewe mara mbili, na mara ya pili bila taarifa, ikiwezekana Jumapili jioni. Wagonjwa wote wakikutwa vitandani saa kumi za alasiri, jibu limekwisha kupatikana.

Nyumbani nako kupimwe

Ni kosa kudhani kwamba maswali haya ni ya makao ya kulipia tu. Kihamba cha mama nacho kina sakafu, choo, maji na mikono, na kinapaswa kupimwa vivyo hivyo. Nyumbani pana sauti za wajukuu, pana migomba anayoijua mmoja mmoja, na pana majirani wanaoingia bila kubisha. Hayo ni dawa ambayo hakuna makao yanayoweza kuinunua. Lakini ikiwa kitinda mimba huondoka alfajiri na kurudi jioni, na mama akabaki na binti wa kazi asiyefundishwa, ambaye kwa huruma humlaza na kumlisha mchana kutwa, upendo huo utamaliza misuli yake. Mama atakuwa ametupwa akiwa kitandani mwake.

Kwa familia nyingi iliyo bora ni njia ya kati: miezi mitatu ya mwanzo itumiwe mahali penye wataalamu, kwa lengo lililoandikwa na alama zinazopimwa, wakati huo huo nyumba itengenezwe, kizingiti kivunjwe, kiti cha choo kichongwe na fundi seremala, na ndugu mmoja pamoja na mhudumu wa nyumbani wafundishwe na mtaalamu kumgeuza, kumwinua na kumfanyisha mazoezi. Kisha mama arudi. Pale ambapo ugonjwa wa kusahau umezidi, au hakuna kabisa mtu wa mchana, makao ya kudumu yaliyopimwa kwa mambo yale sita si aibu kwa mtu yeyote.

Limebaki jambo moja. Kikao kilichotajwa mwanzoni kilikuwa na upungufu wa mjumbe mmoja. Kwa kuwa kiharusi kilimpata mama upande wa kulia wa mwili, kilijeruhi upande wa kushoto wa ubongo, ambako kwa watu walio wengi ndiko ziliko kazi za usemi. Mgonjwa wa namna hii mara nyingi hushindwa kusema huku akielewa mengi yanayosemwa mbele yake. Watoto waliokaa na kubishana juu ya maisha yake, naye ameketi kando ya ukuta, huenda hawakujua kwamba anawasikia. Aulizwe maswali mafupi yenye jibu la ndiyo au siyo, lile la mwanzo kabla ya la pili, na asiharakishwe. Aonyeshwe mahali penyewe, si picha yake. Aachiwe muda, kama ule wa kuingoja marahaba. Hata kama hataweza zaidi ya kutikisa kichwa, mkono wa kushoto ungali mzima, na unaweza kuelekeza unakotaka kwenda.